Mguu mpya wa samadari ya bibi

Samadari ya marehemu bibi, kitanda chake cha zamani, ilibaki na miguu mitatu. Wa nne uliliwa na mchwa mpaka ukabaki ganda. Maseremala wa mtaani kwetu Tanga walinishauri nikate yote, niweke ya mbao za mraba. Hapana. Nilichohitaji ni fundi mwenye mashine ya kukerezea, ile inayozungusha mti huku patasi ikiuchonga mviringo, nikampata kwa wanaotengeneza nguzo za ngazi.

Sikumpelekea picha, nilimpelekea mguu mzima. Aliulaza juu ya ubao, akatia alama ya penseli kila panapovimba na kila panapobana, akaandika unene pembeni.

Mbao ndiyo iliyotusumbua. Mvule tuliouona dukani ulikuwa bado mbichi, na mti mbichi ukikerezwa leo, baadaye unasinyaa, ulimi, ile ncha ya mguu inayochomekwa kitandani, unalegea tunduni. Tukaangukia kipande cha fremu ya mlango wa zamani, kikavu kweli. Kwanza tulichomoa misumari yote, maana mmoja tu unatosha kuvunja makali ya patasi.

Ulimi aliuacha mnene kidogo, akaupunguza kwa tupa hadi ukaingia kwa kugongwa na nyundo ya mbao. Gundi kidogo tu. Rangi haijafanana bado. Mpya umepauka, naupaka mafuta ya kitani taratibu, na shuka inausitiri.