Karakana imeanza na kamba

Leo tumepiga kamba za kuonyesha msingi wa karakana yangu ya useremala huku kijijini, Mufindi.

Vigingi na uzi tu kwenye nyasi, lakini mimi nimeshaiona randa inavyonguruma pale katikati!

Fundi akapima futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, akavuta tepu kutoka ncha hii hadi ile: 5 kamili, yaani kona ni nyuzi 90.
"Kona imekaa, bosi."
Hakushika hata kikokotoo.

Babu jirani akapita na jembe lake. Nikamwamkia, akaitikia huku macho yake yakiwa kwenye uzi.
"Mjukuu wangu, nyumba ya mashine inaizidi ya kulala?"

Nikamweleza: babu, mbao ya futi 12 ikipita kwenye mashine inataka futi 12 mbele na 12 nyuma. Ndiyo maana mlango mkubwa nimeuelekeza sawasawa na mashine, mkia wa mbao utokee nje.

Akacheka. "Basi mbao nazo zina sebule."

Nimecheka hadi sasa hivi 😂

Wenye karakana, nisaidieni: sakafu ya zege inachosha miguu kweli? Nyie mmetandika nini?