Siku yangu na maiki nne

Saa 2 asubuhi. Jumamosi, Sinza, Dar es Salaam. Tunapakia kirikuu vyombo vya sauti vya harusi: spika mbili, sabufa mbili, monita, miksa, maiki nne na begi la nyaya. Dereva anadai chai kwanza. Anapata.

Saa 4. Ukumbi una vigae chini na vioo pande mbili. Napiga kofi moja, linanirudia kama watu watano. Mpambaji keshachagua mahali pa spika: nyuma ya meza kuu, zifichwe na maua.

"Dada, maiki zikikaa mbele ya spika zitapiga mluzi."

"Kaka, si una mashine ya kuzuia?"

Ninayo. Lakini mluzi ni mzunguko: maiki inasikia spika, miksa inakuza, spika inatoa, maiki inasikia tena. Sauti ikirudi na nguvu ileile iliyotoka nayo, mawimbi yakiendana, inajijenga yenyewe mpaka watu wanaziba masikio. Chujio la kukata mluzi halisogezi spika. Tumebishana dakika ishirini. Zikakaa mita mbili mbele ya meza, zimevishwa kitambaa cheupe ubavuni.

Saa 8 mchana. Hapa ndipo ninapopapenda. Ukumbi mtupu, maiki ya meza kuu iko wazi, napandisha sauti taratibu mpaka ianze kuvuma. Mluzi wa kwanza uko karibu na Hz 2,500, yaani mitetemo 2,500 kwa sekunde. Ekwalaiza ya vitelezi 31, kila kimoja na sehemu yake ya sauti, nene hadi nyembamba, ingekata kwa upana na kula maneno ya jirani. Kwenye miksa ya kidijitali naweka chujio jembamba palepale, napunguza desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Napandisha tena: Hz 315. Tena: Hz 800. Halafu miluzi miwili ikaanza kulia kwa mpigo, nikaacha. Ukifika hapo umemaliza. Ukiendelea kukata, bwana harusi atasikika kama anaongea ndani ya ndoo. Chini ya Hz 100 nimefyeka kwenye maiki zote za kuongelea. Huko hakuna maneno, ni vishindo tu.

Saa 1 usiku. Watu wanajaa. Miili yao inanyonya sauti, joto linabadilisha mwendo wake, kwa hiyo milio ya mchana haikai pale nilipoiacha. Ndiyo maana nimebakiza machujio mawili.

Saa 3. MC wetu mchangamfu, ila ana ugonjwa wa ma-MC: anashika maiki kichwani, kiganja kimefunika wavu. Maiki inayosikiliza mbele inageuka kusikia kila upande. Mluzi! Ukumbi mzima unanitazama mimi. Nashusha sauti, namwonyesha kwa ishara: shika shingoni. Anatii. Dakika kumi baadaye mkono umerudi kileleni.

Saa 4. Saksafoni. Kizuia mluzi kinachojiendesha nimekizima mapema, maana kwenye harusi nyingine kilidhani noti ndefu ya saksafoni ni mluzi, kikaikata maharusi wakiwa wanacheza. Baadaye baba wa bwana harusi anaongea kwa upole, maiki iko kifuani. Msaidizi wangu anamwendea: "Shikamoo baba, naomba uisogeze mdomoni." Umbali ukipungua nusu, sauti yake inaingia na desibeli 6 zaidi, bila mimi kugusa kitu.

Saa 7. Tunakunja nyaya. Mpambaji anapita na ndoo ya maua.

"Kaka, mashine yako imelia mara moja tu leo."

"Ule ulikuwa mkono wa MC, dada."