Nyaya za muziki nyumbani: anzia kwenye ncha, si kwenye plagi ya umeme

Mtu akishapata amplifaya nzuri na spika za kueleweka, swali linalofuata huwa nyaya, na wengi wanaanza na zile zinazosifiwa sana, za umeme. Mimi ningezipanga kinyume kabisa. Kwanza viungio, yaani pale ncha za waya zinapofungwa kwenye kifaa, kisha waya wa spika, kisha waya wa mashine ya santuri kama unayo, kisha mvumo unaotoka kwenye TV. Waya wa umeme uje mwisho, na mara nyingi haufiki zamu yake.

Viungio havigharimu kitu. Zima vyote, chomoa ukutani, vuta amplifaya mbele na umulike nyuma kwa tochi. Kwa nyumba za pwani, iwe Tanga, Mombasa au Unguja, usishangae kukuta ukijani kwenye ncha za waya wa spika. Ni shaba iliyoliwa na hewa ya chumvi. Ukijani huo unapitisha umeme vibaya na unapanda taratibu ndani ya ganda, kwa hiyo kukwangua ncha peke yake hakusaidii. Kata sentimita mbili tatu, au zaidi, mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Menya milimita 10 hadi 12, sokota nyuzi kwa vidole kwa kufuata msokoto wake, ingiza, kaza. Kagua mara mbili kwamba hakuna uzi hata mmoja unaochungulia kuelekea pini ya jirani. Chanya na hasi zikigusana, ukiwa na bahati amplifaya itajizima yenyewe. Usipokuwa nayo, transista za mwisho zinaungua.

Kuna mazoea ya kupaka ncha lehemu kabla ya kuifunga kwenye skrubu. Achana nayo. Lehemu ni laini, ikibanwa inatambaa polepole, na baada ya miezi kadhaa skrubu uliyoikaza imelegea bila kuguswa na mtu. Nyuzi tupu zilizosokotwa vizuri zinashika kuliko hivyo, na plagi za banana zilizofungwa kwa skrubu zinashika vizuri vilevile.

Kwenye RCA, zile ambazo mtaani tunaziita waya za AV, tatizo kubwa ni pete ya nje kulegea. Ichomoe, ibane kidogo sana kwa koleo, rudisha huku ukiizungusha. Ila zima amplifaya kwanza: pini ya kati hugusa kabla ya pete ya nje, na kwa nukta hiyo moja unapigwa mngurumo unaoweza kuondoka na twita, ile spika ndogo ya sauti za juu.

Sasa waya wa spika, na hapa hesabu inatosha kuliko sifa. Kinachotusumbua ni ukinzani wa waya kwenda na kurudi, yaani kiasi unavyozuia umeme, unaopimwa kwa omu. Kwa shaba halisi, umbali wa mita 10 kutoka amplifaya hadi spika unakupa takriban omu 0.69 kwa waya wa milimita za mraba 0.5, omu 0.46 kwa 0.75, omu 0.23 kwa 1.5, na omu 0.14 kwa 2.5. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba jumla isivuke asilimia 5 ya omu za spika: 0.4 kwa spika ya omu 8, na 0.2 kwa ya omu 4.

Kwa nini tujali? Kwa sababu spika ya "omu 8" haikai kwenye 8. Inaweza kushuka hadi 5 kwenye sauti fulani na kupanda hadi 30 kwenye nyingine. Ukitumia ule waya wa 0.5 kwa mita 10, sauti inapungua desibeli 1.1 pale spika iliposhuka, lakini desibeli 0.2 tu pale ilipopanda. Yaani waya umebadilisha uwiano wa besi, kati na juu, na hilo sikio makini linalisikia. Ukiweka 2.5, tofauti hiyo inabaki desibeli 0.2. Kwa upande wa pili, kama spika zako ziko mita 2 tu na waya ni 1.5, ukinzani wote haufiki omu 0.05. Uache ulivyo.

Ukienda kununua, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, waya laini wa umeme wa milimita za mraba 2.5 unaopimwa kwa mita, wenye nyuzi nyingi, unafanya kazi hii bila aibu. Uandike SPIKA kwenye utepe kila ncha, asije mtu siku moja akauwekea plagi. Cha kuogopa ni alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba, kwa hiyo ukiuziwa 2.5 ya namna hiyo umenunua kitu cha karibu na 1.5. Itambue hivi: kwangua uzi mmoja kwa wembe. Nje nyekundu na ndani nyeupe, ni alumini. Nje nyeupe na ndani nyekundu, usiikatae, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, na kwa hewa ya pwani ndiyo inayodumu. Roli la alumini pia ni jepesi kwa namna inayotia shaka, na nyuzi zake zinakatika haraka ukizikunja mara chache. Multimita ya bei ndogo isikudanganye hapa: nyaya zake zenyewe zina omu 0.2 au zaidi, kwa hiyo gusanisha ncha zake kwanza, soma, kisha toa namba hiyo kwenye kipimo chako.

Mwenye mashine ya santuri ana sababu ya kweli ya kuchagua waya wa RCA. Katriji (kile kichwa chenye sindano) ya sumaku inayotembea hutoa milivolti chache tu, na kapasitansi ya waya, yaani chaji ya umeme unayoihifadhi, inayopimwa kwa pikofaradi, inabadilisha sauti za juu. Katriji za Audio-Technica VM95, kwa mfano, zinataka jumla ya pikofaradi 100 hadi 200, na jumla hiyo inahesabu waya wa ndani ya mkono, waya wa nje na pembejeo ya amplifaya. Waya mnene wa pikofaradi 150 kwa mita, ukiuchukua wa mita mbili, umeshavuka mpaka peke yake, hata uwe na pini za dhahabu. Mita moja yenye pikofaradi chini ya 100 inatosha. Na ule uzi mwembamba wa ethi ufungwe kwenye skrubu ya GND. Ukiachwa unaning'inia, utasikia mvumo tu.

Mvumo ukija bila santuri, ongeza sauti kidogo tu kisha chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mvumo ukikatika hapo, umepata mzunguko wa ethi, yaani vifaa vimeunganishwa na ethi kwa njia zaidi ya moja, na hakuna waya wa RCA utakaouponya. Dawa yake ni waya wa mwanga (optical) kutoka TV hadi amplifaya, kwa sababu mwanga haubebi ethi. Toa vifuniko vya plastiki kwenye ncha, usiukunje kwa kona kali, na kwenye menyu ya TV chagua PCM, sauti ya kidijitali isiyobanwa. Ukiacha Dolby, amplifaya nyingi za stereo zitakaa kimya na utadhani waya ni mbovu.

Umeme: soketi inayoshika plagi vizuri na ekstensheni isiyopata joto, basi. Usikate pini ya ethi ili kuua mvumo. Mvumo utapotea, na siku transfoma ikivuja, boksi la chuma la amplifaya litakuwa na umeme wa volti 230.

Kabla hujairudisha amplifaya mahali pake, hakikisha chanya na hasi hazikupishana. Nyaya zikiwa bado hazijafungwa kwenye amplifaya, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha za kila spika kwa sekunde moja, chanya ya betri kwenye waya unaoamini ni chanya. Wufa zote mbili, zile spika kubwa za besi, ziruke kuelekea mbele. Moja ikirudi nyuma, geuza waya wake, maana zikipingana besi inajifuta yenyewe.