Siku yangu na kamba wekundu wa Naivasha

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hatutoki na boti kabla ya kupambazuka, maana viboko wa Ziwa Naivasha huwa wanarudi majini saa hizo na hawampishi mtu. Mzee anayetuendesha hutazama kwanza mapovu, ndipo awashe injini.

Saa moja na nusu. Tunaipandisha mitego tuliyotega jana jioni kando ya mafunjo, chambo vichwa vya samaki. Midomo yake ni myembamba makusudi, fisi maji asije akaingia akafa maji humo. Ndani wamo wale wale: kamba wa maji baridi kutoka Louisiana, Marekani, ambao wavuvi huwaita krefishi. Waliletwa ziwani mwaka 1970 ili uvuvi upate mazao mapya. Wakafyeka mimea ya chini ya maji, na mayungiyungi nayo yakaenda.

Saa tatu. Kupima na kuandika. Afrika bara haina kamba wa jamii hii wa asili (Madagaska inao wake), kwa hiyo ukimkuta mtoni Kenya, huyo ni mgeni. Anayewachanganya watu ni kaa wa mtoni, mwenyeji wetu. Kaa ana mwili mpana, mkia ameukunjia tumboni. Kamba ana mkia mrefu unaotanuka mwishoni, na magando yenye vinundu vyekundu. Lakini kamba mchanga ana rangi ya kijivu au kahawia, na wanaosubiri wekundu humwacha apite. Leo kuna jike mwenye mayai yaliyoshikana chini ya mkia kama kishada cha zabibu. Jike mmoja hubeba mamia.

Saa tano. Kuosha vyombo, kazi inayowachosha vijana kuliko zote. Nyavu, viatu vya mpira, sakafu ya gari, kisha kila kitu juani hadi kikauke kabisa. Mitego ya ziwani haiendi kwenye mabwawa ya wakulima hata siku moja, isije ikawabeba kamba wachanga. Ya huko tumeitenga.

Saa nane, upande wa Gilgil, kwa mama mmoja mwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe. Kando yake kuna ndoo, na ndani kamba hai.

"Mama, hawa wametoka wapi?"

"Kaka yangu aliwaleta kwa pikipiki. Anasema wanamaliza konokono wa kichocho."

Hakudanganya, konokono wanawala kweli. Ila wanachimba pia, na ukingo wa udongo ukitobolewa maji yanavuja.

"Sasa niwafanyeje, kijana wangu?"

"Wachemshe, mama. Wasiguse bwawa."

Usiku wa mvua kamba huweza kutembea nchi kavu, lakini hafiki mbali. Anayemvusha kutoka bonde moja hadi jingine ni mtu mwenye ndoo.

Saa kumi. Tunazunguka ukingoni kutafuta mashimo yenye tope lililorundikwa mdomoni. Hakuna. Tunatega na kuondoka.

Saa kumi na mbili jioni, ofisini. Mwenzangu anauliza kwa nini tusitege ziwani tu mpaka waishe. Hawaishi. Mtego hunasa wakubwa, na wadogo waliobaki hupata chakula na nafasi ya kukua. Nguvu zetu, naona mimi, ziende kwenye mabwawa ambayo bado ni safi. Kesho mzee ataenda ziwani na mwingine. Mimi narudi kwa mama kutazama mitego.