Nikiamka saa tano asubuhi

Jumamosi nimeamka saa tano, jua limeshajaa chumbani, tumbo linanguruma. Zamani siku kama hiyo nilikuwa nafuta kifungua kinywa kabisa, nikiamini aliyelala hajatumia nguvu. Si kweli. Moyo, mapafu na ubongo havilali. Sehemu kubwa ya kalori za siku hutumika hata ukiwa kitandani. Kwa hiyo zile 2,000 zangu sizipunguzi, nazigawa tu kwenye milo miwili mikubwa: mayai matatu na mkate nikiamka, kisha chakula cha jioni mapema kidogo. Kujinyima asubuhi kulikuwa kunaniumiza baadaye. Saa nne usiku ungenikuta nimesimama mbele ya friji, mlango wazi, kijiko kimezama kwenye kopo la siagi ya karanga.