Siku moja maishani mwangu: fundi giaboksi, Sinza

Saa 12:20 asubuhi

Nimefika gereji kabla ya vijana wangu. Gari la otomatiki lililolala usiku kucha halifichi kitu. Ukiliwasha, ukatia D (gia ya kwenda mbele), likakaa kwanza ndipo lishike kwa kishindo, limeshakuambia jambo ambalo saa 4, likiwa limepata moto, huenda lisikuambie. Ndiyo maana wateja wangu nawaomba walilaze hapa.

Lililolala leo ni Toyota IST ya kijana anayebeba abiria wanaomwita kwa simu. Alikuja jana jioni amenyong'onyea. Huko alikotoka ameambiwa giaboksi imekufa, atafute ya mtumba. Nikamuuliza, kijiti cha kupimia oili walikichomoa? Hapana. Hilo ndilo linaloniuma katika kazi hii: mtu anaambiwa anunue giaboksi nzima kabla oili haijaangaliwa, na gari lenyewe bado analilipia mkopo.

Nikawasha. D, moja, mbili, tatu, kisha kishindo. R, ya kurudi nyuma, inachelewa zaidi. Nikaliacha lipate moto, nikapitisha gia zote moja moja na kurudi P, ya kuegesha, injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, ndipo nikachomoa kijiti. Wengi hupima injini ikiwa imezimwa, kama wanavyopima oili ya injini. Kwenye Toyota zenye kijiti cha giaboksi hivyo sivyo. Ukizima, oili iliyokuwa inazunguka inateremka kwenye sampo, yaani bakuli la chini ya giaboksi, kipimo kinakudanganya kwamba imejaa.

Kijiti kimetoka na povu, alama ya chini haijaguswa.

Hapo mengi yameshajulikana. Pampu ikivuta hewa pamoja na oili, presha inashuka. Presha hiyo ndiyo inayobana pleti za klachi mle ndani. Zisipobanwa vizuri zinateleza, resi zinapanda na gari haliendi, pleti zinapata moto na kuungua. Kwa hiyo sikuwa tena na swali la kama giaboksi imekufa. Nilitaka kujua oili imekwenda wapi, na pleti zimeumia kiasi gani.

Saa 2:10

Tumelipandisha. Upande wa kushoto, pale shafti ya tairi inapoingia kwenye giaboksi, pameloa na vumbi limegandamana. Ni sili, ule mpira unaozuia oili isivuje. Dereva akakumbuka kwamba alibadilisha buti za shafti, zile mpira za kuikinga na vumbi, kabla ya Ramadhani. Shafti ikirudishwa kwa kusukumizwa tu, meno yake yanachana mdomo wa sili. Oili inatoka tone kwa tone, gari linalala kwenye mchanga, mchanga unakunywa, hakuna anayeona.

Nikashusha sampo. Hapa huwa namwita mwenye gari aje aone mwenyewe, kwa sababu sumaku zilizomo mle ni ushahidi asiohitaji kuelezwa na fundi. Tope laini la kijivu ni kawaida, chuma kinachakaa kidogo kidogo miaka yote. Chenga zinazong'aa, au vipande vyeusi vya pleti, ni msiba. Tukapangusa kwa karatasi nyeupe: tope la kijivu, laini. Oili imeanza kuwa kahawia lakini hainuki kama mkate ulioungua. Kijana alichuchumaa pale muda mrefu, hasemi kitu.

Saa 3:40

Amekuja mama mmoja, mwalimu, na gari la CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, inayotumia mkanda wa chuma na puli. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, gari linatetemeka nikiondoka kwenye taa." Nikamuuliza kama amepita kwenye maji. Wiki iliyopita, mvua ilipojaza Jangwani, alifuata magari yaliyomtangulia.

CVT hii haina kijiti. Unafungua nati, oili ikiwa na joto la nyuzi anazotaka mtengenezaji. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia. Lakini kwa mlango gani? Kuna magari ambayo oili ya giaboksi inapoozwa ndani ya rejeta, na kikipasuka kile kipoozeo, maji ya rejeta yanachanganyika na oili. Nikachungulia rejeta: maji safi, hayana mafuta juu. Basi yameingia kutoka nje. Giaboksi ina tundu la kupumulia. Ikiwa ya moto halafu ikazama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa, na tundu lile linavuta chochote kilicho karibu.

Kumwaga na kujaza mara mbili tatu kungeweza kulisaidia siku ileile. Sasa ameliendesha wiki nzima, mkanda wa chuma na puli zake zimefanya kazi bila ulinzi, na beringi zimeanza kuvuma. Nilimwambia ukweli wote: lazima ifunguliwe, na siwezi kumwahidi bei kabla sijaona puli. Mama akaketi kwenye benchi akapiga simu nyumbani kuuliza nani atawafuata watoto shule.

Naomba sana mnaosoma hapa: ukipita kwenye maji yaliyofika usawa wa katikati ya tairi, usisubiri dalili. Nenda ukaangaliwe oili kesho yake.

Saa 6 mchana

Gerezani, Kariakoo, kutafuta sili na oili. Muuzaji akauliza, "IST ya mwaka gani?" Nimempenda kwa swali hilo. IST ya kwanza, iliyoanza 2002, ina giaboksi ya gia nne. Iliyofuata, 2007, nyingi zina CVT. Jina moja, oili mbali kabisa. Hata kwa otomatiki zenye gia za kawaida, Toyota wana oili ya T-IV na wana WS ambayo ni nyepesi zaidi, na hazichanganywi. Msuguano wa pleti umepimwa kwa oili yake. Ukiweka ya CVT kwenye gia za kawaida, au kinyume chake, kwa sababu tu "zote nyekundu", unaua kitu kizima.

Kuna mwingine dukani akaniambia giaboksi ya zamani usiibadilishe oili, itakufa. Maneno haya nimeyasikia tangu najifunza. Ninachokiona mimi ni kwamba watu huja kubadilisha pale gia zimeshaanza kuteleza. Pleti zimekwisha, oili mpya haiwezi kuziotesha, giaboksi inakufa wiki mbili baadaye na lawama inaangukia oili. Kwa joto na foleni za Dar mimi nabadilisha kila kilomita 40,000, hata kwa zile ambazo oili yake inasemwa ni ya kudumu.

Saa 9 alasiri

Hiace ya daladala, klachi. Pleti imeliwa karibu kufika kwenye ripiti zinazoishikilia, flaiwili, lile gurudumu la injini ambalo pleti inabana, imepata rangi ya bluu kwa moto. Dereva anaendesha mguu ukiwa umeegemea pedali ya klachi siku nzima, ili awe tayari. Mguu ule mwepesi unatosha kupunguza kubana, na rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie, inazunguka bila kupumzika. Nimemwonyesha, amenielewa. Vijana wanamalizia.

Saa 11:30 jioni

Sili mpya, sampo imesafishwa, filta mpya, T-IV imeingia taratibu mpaka alama ya moto. Tumetoka na kijana hadi mlima wa Chuo Kikuu, kwa sababu barabara tambarare inasamehe na mlima hausamehi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kule juu nikasimama kabisa, nikatia R, ikashika palepale. Nikamwomba azoee hivyo: gari lisimame kwanza. Anayetupia R huku gari bado linasogea mbele anazitwisha pleti kazi ya breki.

Kurudi aliendesha mwenyewe. Nilimwambia wazi kwamba pleti zimeteleza kwa wiki kadhaa, sijui zimepoteza umri kiasi gani, kwa hiyo baada ya siku saba alirudishe nipime tena bila malipo.

Saa 1:40 usiku

Tulikuwa tumeweka katoni chini ya giaboksi, upande wa kushoto, gari likinguruma nusu saa. Nikaivuta na kuimulika kwa tochi ya simu. Kavu.

Mama mwalimu amepiga: tuifungue. Kesho saa 12 naanza nayo.

Kijana ameikunja ile katoni, ameiweka kwenye buti. Anasema ataitandika chini ya gari kila anapolaza.