Ijumaa 213: tulivyojichanga miaka minne kwenda Disney World

Kwenye mlango wa jikoni kwetu hapa Columbus, Ohio, kuna mstari wa penseli ambao sijaufuta mpaka leo. Ni sentimita 112 kutoka sakafuni. Ndiyo urefu wa chini anaoruhusiwa mtoto kupanda Space Mountain na Expedition Everest, michezo ya magari ya kasi kwenye viwanja vya burudani vya Disney World kule Florida, na kwa miaka minne kitinda mimba wetu alikuwa akisimama pale kila siku ya kuzaliwa kwake, visigino vimegusa ukuta, tuone amebakiza kiasi gani.

Tulianza Ijumaa ya tarehe 8 Januari 2021. Mimi ni mhudumu katika nyumba ya wazee, baba watoto anafanya kazi ghalani, na sote tunalipwa kwa saa. Mwanangu mkubwa alikuwa na miaka 7 na alikuwa akirudi kutoka shuleni na hadithi za wenzake waliokwenda Disney. Hakuwahi kusema "nipelekeni". Alikuwa ananisimulia tu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jambo la kwanza tulilobishana mimi na mume wangu lilikuwa lini twende. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 haingii kwa tiketi, anapita bure. Wa mwisho alikuwa na mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo baba watoto alisema tukaze mkanda, twende kabla ya katikati ya 2022, tuokoe tiketi moja nzima. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Ila mimi nilimwona mtoto amelala kifuani mwangu kwenye foleni, hapandi chochote, na akikua hakumbuki kitu. Na kwa kasi hiyo tungelazimika kukopa. Tukakubaliana kungoja mpaka wote wawili waweze kupanda na kukumbuka: Februari 2025. Niliichagua Februari, wiki ya kwanza, kwa sababu bei za tiketi hubadilika kulingana na tarehe, na siku zisizo za likizo huwa nafuu. Mkubwa angekosa shule siku chache, lakini hilo lilivumilika.

Kisha nikapiga hesabu kwenye kaunta buku. Dola 20 kila Ijumaa, siku tunayopokea mshahara. Kwa mwaka ni 1,040, kwa miaka minne ni elfu nne na ushei. Kiasi kilikuwa kidogo makusudi. Nilitaka kiasi ambacho hata wiki mbaya haikishindwi. Nilifungua akaunti ya pili kwenye chama cha akiba na mikopo, haina kadi, ili kutoa pesa iwe lazima niende mwenyewe dirishani. Watoto nao walikuwa na kibubu chao cha mbao, baba yao alikigongelea misumari wakatumbukiza sarafu zao humo. Kibubu hicho sikukitia kwenye hesabu. Kilikuwa chao, cha kununulia wanachotaka wakifika.

Mwaka wa kwanza nilifanya kosa moja ambalo nalitaja kwa sababu naona wengi wanashauriana kulifanya. Nilikuwa nachukua sehemu ya zile pesa na kununua kadi za zawadi za Disney pale dukani tunaponunua chakula, 25 leo, 25 mwezi ujao, nikiamini kwamba nikishazifungia humo sitazigusa. Kweli huzigusi. Lakini Agosti 2022 mama yangu, aliyeko Ngamiani, Tanga, alihitaji kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kulikuwa na madeni mengine ya matibabu. Nilikuwa na dola 150 kwenye kadi ambazo hazikuweza kumsaidia mama yangu hata senti moja. Nilitoa 900 kwenye akaunti nikazituma. Zile kadi ziliishia kwenye tiketi baadaye, hazikupotea, lakini tangu siku ile akiba yangu nimeiacha iwe pesa taslimu.

Nataka niseme kidogo kuhusu hili la nyumbani, maana kwa sisi tulio ughaibuni ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Ukiwa na akiba ya starehe, kila simu inayopigwa kutoka nyumbani inakukuta na hatia. Nilikaa miezi nikimficha mama habari ya safari. Simu ikilia nasema "Shikamoo mama," halafu moyo unadunda. Baada ya upasuaji nilimweleza yote. Alinyamaza, akauliza, "Na hao wajukuu zangu wanajua?" Nikamwambia wanajua. Akasema, "Basi usiwavunje moyo, mwanangu. Mimi sasa naona." Tangu hapo niliweka mafungu mawili wazi: fungu la Tanga, linalotoka kila mwanzo wa mwezi kuwe na shida au kusiwe nayo, na fungu la Ijumaa. Kaka yangu akipiga simu nje ya utaratibu namwambia ukweli, "Kaka, fungu la mwezi huu limekwisha, nisubiri tarehe moja." Mara nyingi anasubiri. Kabla ya hapo nilikuwa nasema sina, na ilikuwa si kweli, na yeye alijua.

Pengo la 900 nililiziba kwa njia mbili. Nilijiunga na mchezo wa kupeana pesa kwa zamu wa akina mama wenzangu hapa mjini, watu 12, dola 50 kwa mwezi, na nikaomba zamu ya karibu na mwisho. Wengi hugombea zamu ya kwanza, lakini kama unajenga akiba, zamu ya nyuma ni bora: unapokea 600 zako ukiwa huna deni kubwa la kurudisha. Hizo 300 zilizobaki nilizitoa kwenye marejesho ya kodi ya mwaka uliofuata, siku ileile yalipoingia, kabla hayajapata mwenyewe mwingine.

Tiketi zimefungwa na tarehe, kwa hiyo huwezi kuzinunua miaka minne kabla ukazihifadhi kabatini. Bei nayo hupanda karibu kila mwaka. Nilinunua Oktoba 2024: siku tatu kwa watu wanne, dola 1,868. Mkubwa alikuwa ameshafika miaka 11, na kuanzia 10 mtoto huhesabiwa mtu mzima, ingawa tofauti yenyewe si kubwa. Hatukununua ruhusa ya kuhama kiwanja kimoja hadi kingine siku moja, wala ile njia ya kulipia ya kukwepa foleni. Tulifika getini kabla ya kufunguliwa, na michezo mikubwa tukaimaliza asubuhi. Ukipita Kissimmee, mji wa jirani na viwanja hivyo, utakutana na watu wanaouza tiketi zilizobaki siku mbili kwa bei ya kutupa. Usinunue. Tiketi haihamishwi kwa mtu mwingine, na getini utarudishwa na watoto wako wakitazama.

Tuliendesha gari. Kupitia Cincinnati, Kentucky, Tennessee, Atlanta, hadi Orlando ni kama kilomita 1,600. Tulilala njiani usiku mmoja kwenda na mmoja kurudi, dola 170 kwa jumla. Mafuta 230. Nyumba ndogo ya kupanga Kissimmee yenye jiko, usiku tano, 590. Maegesho yalikuwa dola 30 kwa siku, nayo ni 90. Chakula 410, na ilikuwa hiyo tu kwa sababu unaruhusiwa kuingia na chakula chako, ilimradi hakuna chupa za glasi wala pombe. Kila alfajiri nilikunja chapati na maharage kwenye karatasi za alumini. Maji baridi tuliomba bure kwenye migahawa ya ndani, wanatoa bila kinyongo. Vitu vidogo vidogo 140. Na kitu ambacho sijaona watu wakikiandika kwenye bajeti zao: zamu zangu mbili zisizolipwa, 290. Ukilipwa kwa saa, likizo yenyewe ina bei, iandike.

Siku mbili tulikuwa Magic Kingdom, kimoja cha viwanja vya Disney World. Kitinda mimba alipimwa kwenye kijiti cha Space Mountain na akapita. Alishuka anatetemeka, akaomba turudi.

Siku ya tatu ilikuwa Animal Kingdom, kiwanja kingine, na hapo sikuwa nimejiandaa. Nilijua kuna safari ya kutazama wanyama waliyoipa jina la Kilimanjaro. Sikujua nitaingia kwenye mji mzima wa kutungwa, unaitwa Harambe, uliojengwa kwa kuiga Lamu: kuta zenye chokaa iliyobabuka, milango ya mbao, vibao kwa Kiswahili. Mahali pamoja ukutani pameandikwa mwaka, 1961. Mwaka wa uhuru wetu. Niliweka mkono pale. Ukuta ulikuwa wa saruji, si wa matumbawe, nilijua, lakini macho yangu yalilowa. Mfanyakazi mmoja akatusalimia "Jambo!" kama anavyowasalimia maelfu kila siku. Mwanangu mdogo, ambaye nyumbani nagombana naye ajibu kwa Kiswahili, akasimama wima akajibu, "Hatujambo. Shikamoo." Yule kijana hakujua aseme nini. Nikamfundisha "marahaba", akairudia mara tatu mpaka ikakaa.

Usiku ule tulimpigia bibi yao, kule Tanga kukiwa asubuhi. Walisimulia wote kwa pamoja, twiga, tembo, lori lililotikisika darajani. Mama akauliza, "Huko twiga wao ni kama wetu?" Mkubwa akasema, "Sijui bibi, wenu sijawaona."

Kwenye kaunta buku jumla ya matumizi ni dola 3,788. Ijumaa zilikuwa 213, sita tulizikosa, tukakusanya 4,140. Zilibaki 352. Tulirudi Columbus Alhamisi, barafu bado iko barazani. Kesho yake nilikwenda dirishani na zile 20 kama kawaida, na jioni nikafungua ukurasa mpya kwenye buku. Juu yake nimeandika: Tanga, nauli ya watu wanne, Desemba 2028. Mstari wa kwanza ni 372.